Historia ya Profesa Muhigirwa, Aliyeitwa Papa Siku Moja

Baba Padri, Shehe wetu, viongozi wa serikali wa sekta yetu, walimu na wanafunzi wa marehemu, majirani wa Kamembe, ndugu mliovuka daraja la Rusizi II alfajiri kutoka Bukavu, na ninyi mliotoka Gashonga na Muganza kwa pikipiki na matope yote haya, familia ya Mzee Ntabaza inawasalimu kwa heshima, na kabla hatujaanza tunajua swali mnalonong'onezana tangu juzi, maana nyumba ya kilio ina masikio: je, huyu aliyeiambia wilaya nzima kwamba kilio kiwe siku moja, watu wasilale kwa wafiwa, kwake watu watalala au hawalali? Swali ni la haki, nalo linamgusa mtu mmoja kuliko sisi wote, yaani mjane wake, Maman Beata Mukabalisa, aliyeketi hapa mbele, ambaye ndiye atakayebaki na hiyo nyumba jua likizama leo. Jibu mtalisikia, lakini marehemu hakupenda mtu anayerukia sura ya mwisho, kwa hiyo mdogo wake Cubaka, anayewasomea haya, ataanzia alipoanzia yeye.

Marehemu Zacharie Muhigirwa alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1964, mtaani Kadutu, Bukavu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ntabaza, fundi wa kuezeka nyumba, na Maman Nsimire, aliyeuza unga wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo zote mbili za mto Rusizi. Alibatizwa mwezi uliofuata, na mama yetu alisimulia mpaka kufa kwake kwamba mtoto alilia misa nzima, akanyamaza tu padri alipotangaza idadi ya waliobatizwa siku ile, jambo ambalo sisi wadogo zake hatujawahi kuliamini, ila halina ubaya kurudiwa siku kama ya leo. Mwaka 1970 baba alipata kazi upande huu wa Rwanda, familia ikahamia Kamembe, na hapo ndipo tulipokulia, Mashi, lugha yetu sisi Bashi, nyumbani, Kiswahili barabarani, Kinyarwanda shuleni, na Kifaransa kwa fimbo.

Alisoma shule ya msingi hapa Kamembe kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari kule Bukavu, kitengo cha hesabu na fizikia, akamaliza mwaka 1984, akaingia chuo kikuu kusoma uchumi, akapata shahada yake mwaka 1990. Hiyo ni miaka, na miaka haisemi alivyokuwa, maana tangu utoto marehemu alikuwa mbishi wa ajabu, ukimwambia mvua itanyesha anakuuliza umejuaje, ukimwambia mawingu hayo hapo anakuuliza jana yalikuwapo mangapi ambayo hayakunyesha, na hata siku ya komunyo ya kwanza alimuuliza katekista kama kuna aliyewahi kuwafuatilia walioungama kuona kama kweli wameacha. Katekista alimpa adhabu ya kufagia ua wa kanisa, naye akafagia akicheka.

Kuanzia mwaka 1990 alifundisha hesabu kule Bukavu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, alikuwa huko, na ya mwaka ule hatuyasomi kwa haraka wala hatuyasomi kwa urefu, kwani wengi mlioketi hapa mnayajua kwa miili yenu, ila lazima tuseme neno moja la mjane wetu, kwa sababu bila hilo historia hii haieleweki. Beata Mukabalisa, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Gashonga, alipoteza wazazi na ndugu zake wote isipokuwa dada mmoja, na hakuna kilio kilichokaliwa kwao, maana hapakuwa na nyumba ya kukalia, wala jirani wa kuja kulala. Hilo hakulisema kwa watu, alilisema kwa mumewe mara moja tu, kabla ya ndoa, na hakulirudia.

Marehemu alirudi Kamembe kwa mama mwanzoni mwa mwaka 1997, baada ya vita vya Bukavu, akapewa kazi ya kufundisha hesabu, akakutana na Beata kwenye kusahihisha mitihani, na mapenzi hayakungoja muhula wa tatu, kwani walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 12 Julai mwaka huohuo, mbele ya serikali asubuhi na mbele ya Mungu mchana. Ng'ombe wa mahari alipokewa na yule dada mmoja aliyebaki, akiwa amesimama peke yake mahali ambapo wangesimama wajomba, na upande wetu sisi Bashi, ambao kwa ng'ombe tuna maneno mengi, siku ile tulikuwa na adabu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Antoinette mwaka 1998, ambaye sasa ni muuguzi kule Huye, Nsengiyumva mwaka 2001, na Nzigire mwaka 2005, ambaye ndiye aliyemrithi baba kwa ubishi.

Mwaka 2003 alimaliza shahada ya pili, ya takwimu, akaajiriwa na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa na ofisi yake hapa mjini, na huko ndiko alikokutana na kazi ya maisha yake, tena kwa kosa ambalo haliwezi kutokea ila kwetu. Mwezi wa Agosti 2005 taasisi ilituma wadadisi nyumba kwa nyumba kuuliza habari za uchumi, shule na dini, na swali la kwanza lilikuwa hili, nani alilala katika nyumba hii usiku wa kuamkia leo, swali linaloulizwa duniani kote na lisilo na ubaya wowote, isipokuwa mdadisi alibisha hodi kwa Maman Mwavita, ambaye mumewe, fundi cherehani wa sokoni, alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Maman Mwavita aliulizwa akajibu ukweli, mdadisi akaandika majina hadi karatasi zikamwishia, akaenda kuomba nyingine dukani. Mashine ilipojumlisha, ilitangaza kwamba kaya kubwa kuliko zote za wilaya ya Rusizi ni ya mjane wa fundi cherehani, yenye watu arobaini na watatu, na kwamba katika mtaa ule Waislamu, Wakatoliki, Wapentekoste na Waadventista wanalala chini ya bati moja bila ugomvi.

Ofisini walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakasema nyumba hiyo ifutwe, inaharibu wastani. Marehemu alikataa, akaenda mwenyewe mpaka kwa Maman Mwavita, akarudi, akawaambia wenzake neno ambalo mpaka leo limeandikwa ukutani pale taasisi: "Hao bantu siyo kosa. Balilala pale kweli." Tangu siku ile aliacha kuhesabu nyumba zilizotulia, akaanza kuchunguza kilio, lile juma zima tunalokaa na kulala kwa wafiwa, nani anakuja, anakula nini, anakosa kazi gani, mtoto gani haendi darasani, na shehe na padri wanasemaje, na kwa miaka miwili mitatu hapakuwa na msiba wilayani asioufikia, mpaka watu wakaanza kusema ukimwona Muhigirwa anakuja na mkoba wake, mguse mgonjwa wako kama bado ana joto.

Mwaka 2008 alitoa ripoti yake ya kwanza, nayo ilisema wazi kwamba kilio kinawala wazima, shamba la mpunga Muganza linangoja, zamu ya kiwandani inapotea, watoto wanakosa masomo, na akashauri watu wazike, wale mara moja, wanawe mikono, na jua likizama kila mtu arudi kwake. Ripoti ilipigiwa makofi kwenye mkutano wa wilaya, ikasomwa makanisani, ikasomwa msikitini, redio ikaitangaza, na marehemu akapewa jina la Papa Siku Moja, yaani Baba wa kilio cha siku moja, ambalo, tuseme kweli, alilipenda, akatembea nalo kama mtu aliyevaa koti jipya. Nyumba nyingi zilifuata ushauri ule, maana ulikuwa mwepesi, na mwepesi haukosi wafuasi. Jioni aliyorudi kutoka kwenye mkutano huo, Maman Beata alimpakulia chakula, akakaa upande wa pili wa meza, na mtafiti wetu, aliyejua kusoma majedwali ya kurasa mia, hakuweza kuusoma uso huo.

Kwa sifa ya ripoti ile alipata nafasi ya kuandika udaktari Ubelgiji, akawa anakwenda na kurudi kuanzia mwaka 2009, na kufikia mwaka 2012 kitabu kilikuwa karibu kwisha, kimebaki jedwali moja tu. Alitaka kuonyesha kwamba zile nyumba za siku moja, kwa kuwa zimeokoa muda na nguvu, zimesimama upesi kuliko zile zilizokalia kilio juma zima, kwa hiyo akarudi kwenye nyumba zilezile alizozijua, Kamembe, Gashonga na Muganza, kuuliza watoto wa wale waliozikwa wako wapi sasa. Majibu yalikuja kichwa chini miguu juu. Watoto wa nyumba zilizolaliwa juma zima walikuwa darasani, na wa nyumba za siku moja wengi aliwakuta Rusizi II, wamebeba unga na makreti ya nyanya, wakivuka na kurudi.

Kwanza hakuamini, na hapo ndipo mngempenda, kwa sababu alianza kubishana na hesabu yake mwenyewe. Alisema labda hizo nyumba zilizolaliwa zilikuwa na mali zaidi, akalinganisha maskini na maskini, jibu likabaki palepale, akasema labda ni dini, akalinganisha Waislamu na Waislamu, Wakatoliki na Wakatoliki, jibu likamkodolea macho, akasema labda ni mama aliyesoma, labda ni umbali wa shule, akalichapa kwa kila kiboko alichofundishwa, mwaka mzima, na sisi nyumbani tulidhani anaumwa, kwani alikuwa anaongea peke yake akipiga mswaki. Mwishoni akaacha mashine, akaketi na wafiwa, akawauliza juma lile lilipitaje, na wote, bila kuambizana, walimpa mpangilio mmoja, kwamba siku ya kwanza watu wanalia, ya pili wanapika na kugombania sufuria, na ni siku ya nne hivi, machozi yamekauka na watu wamechokana kidogo, ndipo mmoja anauliza, huyu mtoto nani atampeleka shule? Na kwa kuwa wote wako pale, hakuna wa kujificha, mmoja anachukua sare, mwingine anachukua shamba, mwingine anasema mtoto atakula kwangu mchana. Nyumba ya siku moja haifiki kwenye swali hilo, inapikiwa, inaliliwa, inaachwa.

Sasa fikirieni, kiti cha uprofesa kilikuwa kinamngojea juu ya ripoti ya 2008, na mwalimu aliyemsimamia alimshauri kwa upole aiweke habari hiyo mpya kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, apate cheo chake kwanza, mengine yatajisema. Marehemu alikataa, akasimama mbele ya waamuzi wake, akasema ripoti iliyomleta pale ilikuwa imepotoka, na watu walioshuhudia wanatuambia aliyasema hayo akitabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. Alipiga simu nyumbani siku hiyohiyo, akamwambia mkewe: "Beata, nilihesabu siku bantu banapoteza. Sikuhesabu kile banaacha mu nyumba." Maman Beata akamuuliza huko kuna baridi kiasi gani na kama amevaa lile sweta, na alipokata simu, Antoinette, aliyekuwa pale jikoni, alimwona mama yake analia na kuimba kwa wakati mmoja.

Udaktari ulichelewa, aliupata mwaka 2015, na uprofesa aliupata mwaka 2019, wakati wenzake wa rika walishaanza kulalamika juu ya pensheni. Lakini hilo halikumsumbua, lililomsumbua ni kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Alizunguka kanisa kwa kanisa, msikiti kwa msikiti, mkutano kwa mkutano, kuifuta ripoti yake ya kwanza kwa mdomo wake mwenyewe, akiwaambia watu laleni, jamani, laleni mpaka siku ya nne kwa uchache, na watu walimsikiliza kwa adabu, wakampa soda, kisha wakafiwa wakafanya siku moja, na ukiwauliza wanasema ndivyo alivyosema Profesa. Hata mwaka huo wa 2019, kwenye msiba mmoja huko Gashonga, alikaa mpaka jua likazama, na kijana wa kamati akamwamsha kwa heshima, akamwambia mzee tufunge, kilio ni siku moja, utafiti ulishathibitisha. Marehemu aliisimulia hiyo kwa kicheko mpaka akakohoa, ila sisi tuliomjua tuliona kwamba kicheko hicho kilikuwa na mfupa ndani.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwezi wa Mei 2021, akatibiwa hapa kwetu, kisha Kigali, ambako alikuwa anasafishwa damu, na hata wodini hakutulia, aliwauliza wagonjwa wenzake ni ndugu wa upande gani wanaoleta chakula, wa baba au wa mama, akawasomea wauguzi matokeo, ambayo hatutayasoma hapa kwa sababu upande wa baba tumekaa wengi. Mwezi wa Desemba 2023 madaktari walimruhusu arudi nyumbani, na sote tulielewa maana yake, naye alielewa kabla yetu.

Siku moja ya Januari, mchana, Maman Beata akiwa anamenya viazi kando ya kitanda, alimuuliza swali ambalo katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuligusa: "Papa Antoinette, siku yako ikifika, bantu batalala hapa?" Marehemu akajibu: "Sijui. Na musibaulize. Jibu la kuombwa haiko jibu." Kisha akaeleza, kwa sauti ileile ya darasani, kwamba nyumba yake ndiyo nyumba ya mwisho ya utafiti wake, kwamba anataka kujua kama wilaya hii ilimsikia mara ya kwanza au mara ya pili, na kwamba familia ikiwaomba watu walale, watalala kwa aibu, jedwali litaharibika. Akamwita Cubaka, akamwapisha juu ya jina la mama yetu kwamba siku ya mazishi asiombe watu kulala wala asiwaambie waende. Maman Beata alimaliza viazi, akainuka, akaenda jikoni, na ndugu zangu, mtu akifa na ubishi wake, hakuna wa kumshinda.

Marehemu aliaga dunia Jumapili ya tarehe 3 Machi 2024, asubuhi, nyumbani kwake hapa Kamembe, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mkewe akiwa amemshika mkono na Antoinette akiwa miguuni. Ameacha mjane, watoto watatu, wadogo zake wanne, na wanafunzi wengi ambao yeye mwenyewe angetaka idadi yao kamili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hapa na Kigali, na kuwaomba radhi kwa maswali yake. Inawashukuru wenzake wa taasisi na wa chuo kikuu, waliobeba jeneza, mapadri waliompaka mafuta, shehe na waumini wa msikiti waliotuletea mahema kabla hatujayaomba, majirani wanaopika tangu Jumapili, na akina mama wa Rusizi II waliofunga biashara zao kuja kumsindikiza.

Kiapo tumekitunza, sisi wa damu yake hatumwombi mtu alale, wala hatumwambii mtu aende. Lakini jana jioni mjane alimwita Cubaka, akamkumbusha kwamba yeye hakuapishwa na mtu, kwamba mwaka 1994 aliketi bila mtu wa kulala kwao, na miaka yote hiyo hakumwomba mtu kitu, na sasa anaomba, maneno yake yasomwe kama alivyoyatamka: "Mimi siko mutafiti. Mubaambie balale."

Kaka, utafiti wako wa mwisho mke wako ameuharibu. Pumzika kwa amani.